Intaneti ya waya wa simu hapa Forest, Mbeya: mvua ndiyo iliyonionyesha ubovu ulipo

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Wateja wengi wako Dar es Salaam, wachache Tunduma, na michoro yote naituma nikiwa nyumbani, Forest ya Zamani. Niliamua kuchukua intaneti ya waya kwa sababu laini ya simu ilikuwepo tangu enzi za marehemu baba, na kwa sababu bando za simu ya mkononi zilikuwa zinanimaliza. Natuma faili tatu, bando limekwisha. Kifurushi changu ni cha megabiti 4 kwa sekunde, na mwaka wa kwanza sikuwa na la kulalamika.

Mambo yaliharibika mwezi wa 12. Mchoro wa megabaiti 30 uliokuwa ukipanda kwa dakika 8 ukaanza kuchukua zaidi ya nusu saa, na mara nyingine unakatika ukikaribia kumalizika, naanza upya. Hizo dakika 8 zenyewe ni halali. Laini za namna hii zina njia nyembamba ya kupandisha kuliko ya kushusha. Kwangu ni kilobiti 512, na kwa kuwa biti 8 ndiyo baiti 1, inakuja kilobaiti 64 kwa sekunde. Nalisema hili maana nimekutana na wengi wanaolipia megabiti 4 wakitegemea faili la megabaiti 4 lishuke kwa sekunde moja. Litashuka kwa sekunde 8 au zaidi kidogo, na hapo laini ni nzima kabisa.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Nikaambiwa zima modemu, subiri, washa. Nikafanya. Siku ya pili nikaambiwa modemu imechoka, nikanunua nyingine. Hali ikabaki ileile. Mara ya tatu nikashauriwa nipande kifurushi kikubwa zaidi. Hapo nilikasirika kweli, kwa sababu mtu anayepata chini ya mega 1 kati ya 4 alizolipia, ukimuuzia 8 umemwongezea nini? Tangu siku hiyo nikaamua kuchunguza mwenyewe kabla ya kutoa shilingi nyingine.

Kitu cha kwanza nilichokiondoa kwenye shaka ni Waifai. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, kuta nene, na modemu iko sebuleni wakati mimi nachorea chumba cha nyuma. Kuta hizo zinakula mawimbi. Nikaazima waya wa mtandao, nikaunganisha kompyuta moja kwa moja kwenye modemu, nikapima. Spidi ikawa mbovu vilevile. Basi Waifai haina kosa.

Kisha nikafungua ukurasa wa modemu yenyewe. Kwa modemu nyingi unaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari. Jina na nywila viko kwenye stika chini ya modemu. Tafuta sehemu inayoonyesha hali ya laini. Kuna namba tatu ambazo mtu yeyote mwenye intaneti ya waya azijue.

Ya kwanza ni spidi ambayo modemu imekubaliana na mitambo ya kituo cha simu. Yangu ilisoma kilobiti 1,100 wakati ingetakiwa izidi 4,000. Hii ilinifundisha mengi kwa mara moja: kama modemu na kituo wamekubaliana kilobiti 1,100, hakuna tovuti wala kompyuta ya kulaumiwa, ubovu uko kwenye waya kati yao. Ya pili ni upotevu wa nguvu ya mawimbi njiani, unaopimwa kwa desibeli. Kwenye waya wa shaba wa kawaida kila kilomita moja hula desibeli 13 au 14 hivi. Kwangu ilisoma 31, yaani waya wa kilomita mbili na kitu. Huo si umbali wa kutisha. Wanaoteseka kwa umbali ni wale walio kilomita 4 au 5 kutoka kituoni. Ya tatu ni ile yenye herufi SNR, akiba ya nguvu ambayo mawimbi yanayo juu ya kelele, nayo hupimwa kwa desibeli. Ikiwa chini ya 6, laini inayumba. Yangu nilipoitazama mara ya kwanza ilikuwa 4.

Nikachukua daftari la shule la mwanangu lililobaki kurasa. Kila asubuhi, mchana na usiku nikaandika saa, ile namba ya tatu, na hali ya hewa. Mvua zetu hapa huanza Novemba zikaenda hadi Aprili au Mei, kwa hiyo sikukosa cha kuandika. Baada ya siku tisa kurasa zilisema zenyewe. Jua likiwaka mchana kutwa, namba inapanda hadi 8 au 9. Wingu likishuka kutoka Loleza na mvua ikanyesha, inaanguka hadi 3, halafu modemu inapoteza laini kabisa, taa inapepesa. Na haiponi mvua ikikatika. Inachukua saa tano, sita, mpaka kitu fulani mahali fulani kikauke.

Fundi wa kwanza alikuja siku ya jua kali. Akapima, akakuta laini inafanya kazi, akaandika kwamba hakuna tatizo, akaondoka. Sikumlaumu sana. Alichokiona siku ile ndicho alichoandika.

Kilichofungua mlango ni simu ya mezani, inayotumia waya uleule wa intaneti. Inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili ule mlio wa kupigia ukatike, kisha sikiliza kimya kile. Laini nzima huwa kimya kweli. Yangu, siku ya mvua, ilikuwa inakwaruza kama mtu anayekanyaga majani makavu. Nikapiga tena kampuni, na safari hii sikutaja intaneti hata kidogo. Nilisema simu yangu ina kelele, sisikii ninayeongea naye. Fundi alikuja kesho yake. Kwa maoni yangu huu ndio ushauri wenye thamani kuliko wote nilionao: ukisema intaneti iko polepole unapelekwa kwenye zima-washa, ukisema simu inakwaruza unaletewa mtu mwenye ngazi.

Ilikuwa ikinyesha manyunyu, na nilishukuru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Sikiliza kwanza hii simu."

Akasikiliza, akatikisa kichwa, hakuingia hata ndani. Alizunguka nyumba akiufuata waya kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kiboksi kidogo kilichopigiliwa chini ya fisha bodi. Alipofungua kifuniko maji yalimtiririkia mkononi hadi kwenye kiwiko. Ndani, nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa kwa vidole tu na kuzungushiwa tepu nyeusi ya umeme. Tepu ile ilikuwa imeshika maji kama sponji. Alipoibandua, waya mmoja ulikuwa umeota kutu ya kijani hadi umebaki mwembamba kama unywele, na alipougusa kwa ncha ya bisibisi ulikatika.

"Mama, hapa hapajafungwa, pamesokotwa tu."

Nikamuuliza imewezekanaje intaneti ikaendelea na waya umekatika namna hiyo. Akanieleza kwamba mawimbi ya intaneti yanatetema haraka zaidi kuliko ya sauti, yana uwezo wa kuruka ufa mdogo, ila yanafika yamedhoofika. Ndiyo maana laini haikufa, ikawa inajikokota.

Alikata ncha zote mbili hadi akapata shaba inayong'aa, akaziunga kwa viungio vidogo vyenye jeli ndani ya kuzuia maji, akabadilisha kiboksi. Kabla ya kuuingiza waya ndani, aliulegeza ukaning'inia chini kidogo kama tumbo, ndipo akaupandisha. Maji ya mvua yanafuata waya, akasema, yakifika kwenye tumbo yanadondoka chini badala ya kuingia ndani. Zamani waya wetu ulishuka moja kwa moja hadi kwenye tundu la kiboksi, na miaka yote hiyo ulikuwa mfereji.

Ndani akakuta kosa la pili, dogo. Kuna waya wa simu uliovutwa zamani hadi chumba cha kulala, haujaunganishwa na chochote, haukupitia kwenye spilita, yaani kile kifaa kinachotenganisha sauti ya simu na intaneti, na unakusanya kelele kama antena. Akauchomoa. Namba ikapanda kwa 2 palepale.

Sasa inasoma 12 kukiwa na jua na 11 kukiwa na mvua. Mega 4 nazipata, mchoro wa mega 30 unapanda kwa dakika 8.

Huduma yenyewe naisifu kwa watu wanaokaa karibu na kituo na wenye kazi za kutuma mafaili makubwa. Fundi wa pili nampa sifa zote. Huduma kwa wateja siwezi kuisifu. Modemu ya zamani waliyosema imechoka nimeijaribu tena wiki iliyopita, inafanya kazi sawasawa na mpya. Na bado kuna jambo moja halijaisha: kati ya saa 2 na saa 4 usiku spidi inashuka hadi nusu, huku namba za laini zikiwa zilezile, 11 na 12. Hapo waya wangu ni mzima, watu ni wengi kwenye njia ya kampuni, na bisibisi ya fundi haiwezi kufika huko. Nimewaandikia nikiwaambatanishia kurasa za daftari. Nasubiri jibu.