Mazoezi ya alfajiri na wazee pale Mama Ngina: vijana nendeni

Kama wewe ni kijana wa kukaa kwa kiti kutwa, ukipanda ngazi mbili tatu pumzi zakatika, basi kikundi cha wazee wanaofanya mazoezi Mama Ngina, ile bustani ya ufuoni hapa Mombasa, ndio pahali pako. Jimu si mbaya, lakini kule walipia mashine na hakuna wa kukuuliza mbona jana hukuonekana. Hawa wazee wanauliza, tena kwa jina. Wengi ni wastaafu wa bandarini na mama zetu wa Mji wa Kale, kuna mabibi wamevaa buibui na raba chini, wakishika njia kutoka Lighthouse kuelekea feri ya Likoni wallahi sisi vijana twabaki nyuma twahema.

Kilichonifurahisha zaidi ni vile wanafundisha. Hawakuanzishi na pushapu. Mzee mmoja alinikalisha kwenye benchi karibu na mbuyu akaniambia haya mwanangu, inuka bila kushika kitu, kaa tena pole pole usijitupe, inuka, na punde tu mapaja yawaka moto na yeye yuko pembeni afanya hivyo hivyo huku apiga stori za meli za zamani, sauti haitetemeki hata.

Kasi wanaipima kwa mdomo: ukiweza kuimba umelegea, ukishindwa kuongea umezidisha, na hata madaktari huelezea mazoezi ya wastani namna hio hio. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, na kazi ya misuli angalau siku 2, sasa nusu saa kwa siku 5 si ushamaliza hesabu kabla hujaenda kazini!

Chakula pia wanakuelekeza. Mahamri na mbaazi hawakatazi, ila sukari kwa chai ipunguze, na viazi karai visiwe chajio cha kila usiku.

Kasoro ipo moja kubwa, mgeni haulizwi kama ana presha ama goti bovu, na hilo warekebishe, kwa hivyo kama una shida yoyote muone daktari kwanza. Kunyoosha viungo mwishoni pia waharakisha sana manake jua lishatoka.

Ada hakuna, mnachanga maji tu. Fika wakati watu watoka swala ya alfajiri, vaa raba za maana sio ndala, na utoe shikamoo kabla hujaingia kwa mstari.