Taa ya kupimia au multimita?

Pikipiki inazima kwenye matuta, ukiikokota hadi kwa fundi inawaka kama haijawahi kuumwa. Hapo ndipo ubishi wa kijiweni unapoanza.

Kwa bei, taa haina mpinzani: balbu ya indiketa ya volti 12, waya mbili, basi. Multimita, yaani mita ya namba ya kupimia volti, inataka betri yake na fyuzi yake, na haipendi kudondoshwa.

Lakini hitilafu ya kuja na kupotea ina hila. Waya uliokatikia ndani ya ganda, ukabaki unagusana kwa shida, utaionyesha multimita volti 12 safi, maana mita hainyonyi umeme wa maana. Taa inanyonya, kwa hiyo inafifia. Ifunge kwenye waya unaotoka swichi ya funguo, kisha geuza usukani kushoto na kulia huku ukiminya nyaya pale shingoni, zinapojikunja kutwa nzima. Ikipepesa, umeshamshika mwizi. Namba za mita huchelewa kuliko jicho.

Kwenye chaji, taa ni kipofu. Haitakwambia kama betri ina volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, wala kama inapita volti 13.5 ukivuta mafuta. Na kwa pikipiki za injeksheni, zile ambazo mafuta yake hupimwa na kompyuta badala ya kabureta, balbu isiguse kabisa nyaya za sensa wala za kompyuta. Inaweza kuunguza kifaa cha bei.

Una ya kabureta na inakuzimikia barabarani? Weka taa chini ya siti. Ukiamka kila asubuhi betri imelala, azima mita kwanza.