Subaru ya turbo inachemsha: ununue nini kwanza, nini baadaye, na nini uache dukani

Gari likianza kuchemsha, neno la kwanza gereji huwa ni "rejeta". Mara nyingi tatizo haliko huko. Kwenye Subaru zenye injini ya EJ20 ya turbo, yaani Impreza WRX na STI, Forester na Legacy zilizojaa barabara za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kifuniko cha rejeta kilicholegea hutoa dalili zinazofanana sana na za rejeta iliyoziba, na gasketi ya hedi iliyoungua (bamba la kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku) hujificha nyuma ya vyote viwili. Kwa hiyo tumepanga vitu kwa namna ambayo pesa inapaswa kutoka mfukoni: cha bei ndogo kinachoharibika mara kwa mara kwanza, cha kufungua injini baadaye.

Kwanza: linachemsha wapi?

Jibu la swali hili linaokoa pesa kuliko punguzo lolote la bei.

Likichemsha kwenye foleni kisha likapoa ukishaanza kutembea, hewa haipiti: feni, relei, fyuzi, au matope na wadudu waliojibana kati ya kondensa ya AC na rejeta. Likitulia mjini lakini likapanda joto ukipandisha kutoka Mai Mahiu au ukiukwea mlima Kitonga, maji hayazunguki vya kutosha au rejeta imeziba ndani. Na likichemsha ghafla, hita ikatoa hewa baridi huku tangi la akiba likijaa hadi kumwaga, gesi za mwako zinaingia kwenye maji. Hapo nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya gasketi hapa chini kabla hujanunua kitu kingine.

Usiutegemee mshale wa dashibodi. Hukaa katikati kwa muda mrefu wakati joto halisi linapanda, na ukiuona umeruka, hedi tayari iko hatarini. Nunua geji ya joto la maji yenye sensa yake, inayofungwa kwenye mpira wa juu wa rejeta kwa adapta. Kisomeo cha Bluetooth cha OBD2, kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari, ni rahisi zaidi, lakini gari nyingi za soko la Japani za miaka hiyo hazisomeki kwa kisomeo cha kawaida, basi kijaribu kabla ya kulipa. Gari lisilo na hitilafu hutembea kati ya nyuzijoto 85 na 95. Likivuka 100 punguza mwendo na uzime AC; likifika 105 simama.

1. Vifuniko, themostati na kulanti

Hivi vitatu (themostati ni vali inayowafungulia maji njia yakipata joto, kulanti ni maji ya kupozea) vinunuliwe pamoja, hata kama unashuku kitu kingine.

Kifuniko ndicho kinachoyazuia maji yasichemke. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka huko kwenye nyuzi 94 au 95. Hilo ni joto la kawaida la kazi la injini hii! Kifuniko kizima cha bar 1.1 hukisogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 120. Spiringi ikichoka au raba ikipasuka, gari litachemsha hata rejeta ikiwa mpya kabisa.

Subaru nyingi za turbo zina vifuniko viwili: kimoja juu ya rejeta, kingine kwenye tangi dogo la kujazia lililo juu, karibu na intakula (kipoza hewa ya turbo). Havilingani. Cha rejeta hufunguka kwa shinikizo kubwa zaidi, ili maji na hewa vitoke kupitia tangi, ambalo ndilo sehemu ya juu kabisa ya mfumo. Mafundi huvibadilishana wakati wa kuosha injini, na baada ya hapo hewa haitoki inavyopaswa. Nunua vyote viwili kwa namba ya chesesi, na usikubali kifuniko cha bar 1.8 kwa hoja kwamba "ni cha rali". Mipira na matangi ya plastiki ya miaka ishirini hayatalihimili shinikizo hilo.

Themostati nunua orijino. Ya Subaru ina kapsuli ya nta kubwa kuliko ya bandia nyingi. Ziweke mbili mkononi na utaiona tofauti kwa macho. Ijaribu kwa sufuria ya maji na kipimajoto: inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na kuwa wazi kabisa karibu na 91. Ifunge kipini kidogo kinachocheza kikiwa juu ili hewa ipite, na ubadilishe oringi yake. Boliti za kizibo ni nyembamba na zinaingia kwenye alumini, basi zikaze kwa mkono mwepesi.

Kuna fundi atakayekushauri uitoe themostati kabisa. Kataa. Injini itakimbia baridi barabara kuu, kompyuta itaendelea kuongeza mafuta, oili haitafikia joto lake, na hitilafu yenyewe itabaki palepale ikisubiri mlima.

Mfumo mzima huchukua kati ya lita 7 na 8. Nunua lita 4 za kulanti nzito na lita 4 za maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri (hakikisha si asidi). Kama galoni imeandikwa kwamba imeshachanganywa, usiongeze maji. Maji ya kisima huacha chokaa ndani ya mirija ya rejeta na kuila alumini ya hedi.

2. Feni na njia ya hewa

Washa AC injini ikiwa inaunguruma: feni zote mbili zizunguke. Moja ikikaa kimya, badilishanisha kwanza relei yake na ya feni ya pili, kisha mpe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota iliyokufa inunuliwe ikiwa kamili na kivuli chake cha plastiki, maana feni bila kivuli huvuta hewa ya pembeni badala ya hewa inayopita kwenye rejeta. Hapa bidhaa iliyotumika kutoka Japani, ile ya maduka ya vipuri ya Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), inatosha. Itikise shafti kabla ya kulipa, ikicheza, rudisha.

Angalia pia plastiki ya chini ya bampa na sponji za pembeni mwa rejeta. Zikikosekana hewa hupita kando. Na kama kuna intakula kubwa iliyofungwa mbele, jua kwamba rejeta yako inapumua hewa iliyokwisha kupashwa moto.

3. Rejeta

Ukifika hapa na joto bado linapanda mlimani, sasa nunua. Pangilio letu ni hili.

Nafasi ya kwanza, kwa injini ambayo haijaongezwa nguvu, ni rejeta mpya ya muundo wa asili, yenye kiini cha alumini na matangi ya plastiki, ya mtengenezaji wa Kijapani kama Denso au Koyorad. Inaingia bila kukata kitu, matundu ya feni yanalingana, na inatosha kabisa.

Ya pili, na ya kwanza kwa injini iliyoongezewa busti (shinikizo la turbo) au inayobeba mzigo milimani, ni ya alumini tupu ya jina linalojulikana, Koyorad au Mishimoto, yenye kiini cha takriban milimita 36. Usivutwe na unene wa 50 na kuendelea. Feni husukumwa hadi karibu kugusa puli za injini, na kwenye foleni hazina nguvu ya kuivuta hewa kupitia kiini kinene hivyo. Utapata gari linalopoa barabara kuu na kuchemsha kwenye foleni ya Ubungo.

Ya tatu ni rejeta iliyotumika kutoka Japani. Tazama rangi ya plastiki: nyeusi ni nzuri, ya kahawia au ya kaki imeshapikwa na itapasuka kwenye mkunjo. Chungulia ndani kwa tochi uone kama mirija ina ukoko, kisha mwambie muuzaji aizamishe majini na kuitia upepo wa bar 1.2.

Ya mwisho ni rejeta nene ya alumini isiyo na jina. Kasoro yake kubwa iko mdomoni: kina cha shingo hakilingani na kifuniko, spiringi haibani, na shinikizo halikai. Ukilazimika kuichukua, nenda dukani na kifuniko chako.

Jambo moja linalosahaulika sana: kama gari lako ni la gia otomatiki, rejeta iwe na kipoza oili ya gia ndani ya tangi lake. Ya gari la manyuo haina, na gia itaungua huku wewe ukifurahia maji yaliyopoa.

4. Pampu ya maji

Huendeshwa na taiming belti, kwa hiyo inunuliwe belti ikibadilishwa, pamoja na tenshona na roli zake. Chagua Aisin au orijino. Dalili ya kuchoka ni maji yanayovuja nyuma ya kava ya belti au mlio wa beringi.

5. Gasketi za hedi

Usinunue kwa kukisia. Nunua au azima kipimo cha kemikali kinachokaa juu ya mdomo wa rejeta: maji yake ya buluu yakigeuka manjano, gesi za mwako zimo kwenye kulanti. Punguza kulanti kidogo kwanza isifyonzwe ndani ya kipimo, na fanya hivyo injini ikiwa ya moto, mara tu baada ya kupanda kilima.

Jibu likiwa ndiyo, chukua gasketi za chuma zenye tabaka kadhaa, pande zote mbili, hata kama iliyoungua ni ya upande mmoja tu. Hedi zipimwe kwa rula ya chuma. Zikipinda zaidi ya milimita 0.05 zipelekwe mashine. Msasa wa mkono kwenye meza haufai, kwa sababu gasketi ya chuma inataka uso laini na sawa kabisa. Boliti za hedi hukazwa, hulegezwa, kisha hukazwa tena kwa nyuzi za pembe kufuata mpangilio wa kitabu cha gari. Fundi asiye na spana ya toki asikuguse.

6. Kipoza oili

Kwa gari linalokimbizwa kwenye mashindano au lililoongezewa nguvu, kipoza cha hewa chenye bamba la themostati hupunguza mzigo wa maji. Kwa gari la kwenda kazini ni pesa iliyowekwa pasipo uhitaji.

Vya kuacha dukani

Dawa ya kuziba uvujaji iko juu ya orodha hii: huziba tundu, kisha huziba mirija ya hita na ya rejeta. Mipira ya silikoni ya rangi haipozi chochote. Nunua mipya ya kawaida kama ya zamani imevimba au imelainika, na usiisahau ile midogo ya turbo iliyo chini ya manifoldi.

Ukishafunga

Rejeta nyingi zinazorudishwa dukani zina hewa tu ndani. Egesha pua ya gari ikiwa juu kwenye mteremko. Fungua skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta, mimina kulanti polepole kupitia tangi la juu hadi itoke kwenye skrubu bila povu, kisha ifunge. Weka hita kwenye joto la mwisho, washa injini, minya mipira mikubwa kwa glavu huku ukiongeza. Subiri feni ziwake na kuzima mara mbili. Zima, acha ipoe kabisa, ongeza kilichopungua, jaza tangi la akiba hadi alama. Asubuhi mbili zinazofuata, kabla ya kuwasha, fungua tena na uangalie. Kiwango cha kulanti kikiendelea kushuka siku ya tatu bila tone chini ya gari, rudi kwenye kile kipimo cha buluu na manjano.