Hoteli ya ufukweni Zanzibar umeshalipa: matembezi gani ununue, na yapi uyaache

Hoteli umeshalipa, iwe Nungwi, Kendwa au Paje, na una siku tano au sita za bahari mbele yako. Kufika siku ya tatu utaanza kuisoma ile karatasi iliyobandikwa mapokezi: Mji Mkongwe, viungo, kobe, pomboo, kisiwa cha Mnemba. Yote yameorodheshwa kana kwamba yana uzito mmoja, na hayana. Yako ya kununua bila kusita, yako ya kununua kwa masharti, na liko moja ambalo kwa hali ilivyo sasa nakusihi uliache.

Lakini kabla ya kuchagua chochote, uliza habari za maji. Unguja bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Pwani ya mashariki, yaani Bwejuu, Paje na Jambiani, maji huondoka mpaka unabaki na mchanga mtupu na akina mama wakishughulikia mashamba yao ya mwani. Nungwi na Kendwa hakuna adha hiyo, unaoga karibu saa zote.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake: asubuhi yamejaa, alasiri yamepwa, ingawa hayaendi mbali. Basi ukiwa Paje wakati wa bamvua, asubuhi nenda zako msituni au mashambani, urudi jioni kuogelea. Ukiangukia maji mafu, oga asubuhi, mjini nenda mchana. Mvuvi yeyote atakwambia bamvua ni lini, bure. Watu wengi hununua matembezi kwa kufuata bei, kisha wanakuta saa nzuri za kuogelea wamezimalizia ndani ya gari.

1. Mji Mkongwe

Huu ndio wa kwanza, na hakuna unaoukaribia. Kosa linalofanyika ni kuununua kama kipande cha kifurushi: asubuhi viungo, mchana mji, alasiri kobe, jioni urudishwe Nungwi. Nungwi na mjini ni kama kilomita 60, na matuta na vizuizi vya polisi vya njiani vinakula muda wako. Ukienda hivyo utapata saa moja na nusu ya kukimbizwa vichochoroni wakati jua liko utosini.

Fanya hivi: toa usiku mmoja kwenye siku za ufukweni, ulale mjini usiku wa mwisho kabla ya boti au ndege yako. Ingia mnamo saa tisa alasiri. Anzia soko la Darajani, lililojengwa 1904, kwa sababu pale mji unajiendesha wenyewe bila kumngoja mgeni: vibanda vya samaki, pweza waliotandazwa, mafungu ya ndimu na mbilimbi. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, ambalo Sultani Barghash alilifunga 1873. Nje kuna sanamu ya watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo halisi shingoni. Kuna maonyesho ya historia hapo hapo, na ni ya kusoma kwa utulivu. Mwongozaji akikuharakisha mahali hapa, mwambie akusubiri nje.

Baada ya hapo shuka taratibu kuelekea baharini. Milango ya nakshi yenye misumari ya shaba utaiona bila kuitafuta. Jumba la Maajabu, la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Uliza limefikia wapi katika ukarabati, usilipie ziara iliyoahidi kukuingiza ndani bila kuthibitisha. Ngome Kongwe ya jirani yake ilijengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno, na kuingia uani hakukuchukulii muda.

Kwenye bustani ya Forodhani usiku kunapendeza, ila uchague. Uliza bei kabla mshikaki haujagusa makaa, na ukubaliane ni bei ya kimoja au ya sahani. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, chapati iliyojazwa nyama na yai, hivyo vinatengenezwa mbele ya macho yako. Kamba wakubwa waliopangwa mezani tangu jioni mimi siwagusi. Na urojo, ile supu nzito ya Unguja, usiungoje usiku: unywe alasiri mitaani, mahali unapoona wanafunzi na mafundi wamepanga foleni.

Mwongozaji mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii anastahili pesa yake, kwa saa mbili au tatu. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, huo ni mji wa watu na misikiti iko kila kona. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, lakini baada ya futari mji huchangamka kuliko miezi mingine yote.

2. Jozani

Kama hoteli yako iko Paje, Jambiani au Michamvi, huu ndio ununuzi rahisi kuliko wote, kwa sababu msitu uko njiani na hauhitaji wakala. Daladala 309 na 310 zinapita mlangoni. Kiingilio kinalipiwa getini, mwongozaji wa hifadhi yumo ndani ya kiingilio, na raia wa Afrika Mashariki wabebe kitambulisho, maana bei zao ni tofauti na za wageni wa mbali.

Unachoendea ni kima punju, ambaye kwa asili anaishi Unguja tu. Mgongo mwekundu, uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe zilizosimama. Kaa kimya utazame mkono wake: kidole gumba hakipo, kimebaki kama kinundu, na bado anaruka tawi hadi tawi na mtoto tumboni. Anakula majani machanga ya mwembe na mkungu, na kwa kuwa majani hayo yana sumu, hutafuta makaa ya kuni akayatafuna ili tumbo litulie. Wenye mashamba ya jirani wamevumilia mengi kutoka kwake, na sehemu ya mapato ya hifadhi huenda kwa vijiji hivyo. Ndiyo sababu nasema kiingilio hiki ukilipe kwa moyo mweupe. Usimpe chakula, usimsogelee kwa ajili ya picha.

Ombeni mpelekwe pia kwenye njia ya mbao katikati ya mikoko. Maji yakiwa yamepwa unaona mizizi na kaa. Yakijaa, samaki wadogo wanapita chini ya miguu yako. Saa mbili na nusu zinatosha kwa vyote, na asubuhi mapema kima huwa na shughuli zaidi.

3. Siku nzima baharini, Ghuba la Menai

Boti na majahazi huondoka Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa, ndani ya eneo lililohifadhiwa tangu 1997. Unapata fungu la mchanga, matumbawe ya kutazama kwa miwani na mrija, chakula cha samaki wa kuchoma kisiwani Kwale na, maji yakiruhusu, kuogelea ndani ya ziwa lililozungukwa na mikoko. Nimeiweka juu ya Mnemba kwa sababu moja: ni siku kamili yenye mambo mengi, kwa hiyo hata mwenye watoto au asiyejua kuogelea hatakaa botini akinung'unika.

Hapa ndipo bei inapochanganya watu. Boti hukodishwa nzima. Mkiwa wawili na mkataka kwenda peke yenu, mnabeba gharama ya watu wanane. Ombeni kuunganishwa na kundi, bei ya kila kichwa itashuka. Kisha uliza haya kabla ya kutoa hata shilingi: ada ya hifadhi imo? Chakula na maji ya kunywa? Miwani na mrija? Usafiri wa kutoka hotelini? Na majaketi ya kujiokolea ni mangapi, ya watoto yapo? Swali hili la mwisho usilionee haya. Nahodha makini hulijibu kwa kukuonyesha, na akianza kucheka, tafuta mwingine.

Kuhusu wa kumlipa: dawati la hoteli huwa ghali kwa sababu linaongeza chake, lakini mambo yakiharibika unajua pa kurudi. Wakala mwenye leseni na ofisi yenye mlango ndiye wa kati, na mara nyingi ndiye bora. Papasi wa ufukweni, yule anayekufuata mchangani akikuuzia safari, anaweza kuwa kijana mwema mwenye kaka yake nahodha, au asiwe. Kwa huyo, toa kiasi kidogo cha kushikia nafasi, iliyobaki ulipe mkirudi nchi kavu, na dai uione boti yenyewe siku moja kabla.

4. Shamba la viungo

Yako Kizimbani na Kidichi, kaskazini mwa mji, kwa hiyo weka safari hii siku unayohama kutoka Nungwi kwenda mjini badala ya kuifunga safari peke yake. Saa moja na nusu inatosha. Wengi wetu tumekua na mdalasini wa kwenye pakiti, na hapa mtembezaji anabandua gamba la mti wenyewe, kisha anachimbua mzizi na kukupa unuse: harufu ni ya kafuri, si ya mdalasini hata kidogo. Anapasua kungumanga bichi na ndani kuna basibasi nyekundu kama imepakwa rangi. Watoto hulipenda kuliko ziara yoyote ya majumba. Karafuu nyingi za nchi hutoka Pemba, lakini mikarafuu utaiona. Ukiwa Kidichi, omba usimamishwe kwenye hamamu, yaani bafu za kale, ya Sultani Sayyid Said ya mwaka 1850. Viungo vya kubeba nyumbani linganisha bei na Darajani kwanza.

5. Mnemba

Matumbawe na samaki wake ni wa kusifiwa, maji ni mang'avu. Ila kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi na hutashuka, na kufikia saa nne boti zimejazana. Nunua tu ukiwa Nungwi au Matemwe, ondoka alfajiri, na uwe unajiamini majini. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, uliza hali ya bahari asubuhi ile ile. Usikanyage matumbawe.

6. Changuu na Nakupenda

Gereza la kisiwa cha Changuu lilijengwa 1893 na halikufungiwa wahalifu. Likaja kuwa karantini ya wagonjwa. Kobe wakubwa walitoka Shelisheli 1919 kama zawadi, na wengine wamepita miaka mia. Peke yake kisiwa hiki ni cha saa moja. Kinapata thamani kikiunganishwa na Nakupenda, fungu la mchanga mweupe ambalo maji yakijaa humezwa. Kwa hiyo ni safari ya asubuhi za bamvua, na mwenye boti akikuuzia kwa saa za maji kujaa, mkatalie.

7. Ndege ya kwenda Nyerere

Siku moja kwa ndege ndogo hadi Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, simba na viboko, jioni uko hotelini. Ni ghali kupita yote yaliyotangulia yakijumlishwa. Anayetoka Ulaya na hatarudi tena, ninamwelewa. Wewe unayepitia Dar es Salaam, panda treni ya umeme hadi Morogoro, kisha barabara hadi Mikumi, ulale huko usiku mmoja. Utaona wanyama kwa utulivu na kwa sehemu ya fedha hizo.

8. Pomboo wa Kizimkazi

Hili ndilo la kuacha. Boti nyingi huwafukuza kundi moja, injini zikinguruma, wageni wakirushwa majini mbele yao, na pomboo wanazama kukimbia. Wanaopumzika na kunyonyesha asubuhi hawapati nafasi hiyo. Ukimpata nahodha anayezima injini mbali na asiyemruhusu mtu kuruka, mlipe vizuri. Vinginevyo nenda Kizimkazi Dimbani kwa ajili ya msikiti, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Nje ni jengo la kawaida lenye paa la bati. Epuka saa za sala, tafuta mwangalizi akufungulie, wanawake wajitande, na mchango wa msikiti mkabidhi yeye.