SAP PO 7.5 na IDoc: maoni yangu baada ya kuitumia hapa Kampala

Wenzangu mnaohangaika kuunganisha SAP, programu ya kuendesha shughuli za kampuni, na mifumo mingine hapa Uganda, leo naongelea SAP Process Orchestration (PO), ile 7.5, na hasa upande wake wa kupokea na kutuma IDoc, yaani hati za kidijitali ambazo SAP hutumia kubadilishana data kama oda na invoisi, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo na ndipo watu wengi wanakwama. Nyota nne kwa tano naipa, hiyo moja niliyobakiza nitasema imeenda wapi.

Kwa ambaye hajaigusa, PO ni seva inayokaa katikati. Huku kuna SAP yenyewe, iwe ECC au S/4HANA, yenye oda, stoo na invoisi, kule kuna benki, wateja wakubwa na EFRIS, mfumo wa invoisi za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato. Tangu EFRIS iwe lazima Januari 2021 kwa waliosajiliwa VAT, invoisi bila FDN (namba inayotolewa na EFRIS) na alama ya QR haina maana, na hakuna karani atakayekaa kuingiza invoisi za kiwanda kizima kwenye tovuti moja moja, kwa hiyo SAP inatoa IDoc ya INVOIC, PO inaigeuza kuwa JSON, muundo wa data ambao EFRIS inausoma, inapeleka kule, FDN inarudi inaingia kwenye invoisi, karatasi inachapwa, lori linatoka getini Namanve. Ikichelewa hapo katikati, dereva anasubiri na mteja wa Mbale anapiga simu.

Kinachonifanya niipende ni kwamba meseji haipotei hovyo. IDoc inaandikwa kwanza ndani ya SAP na namba yake ya tarakimu 16, ndiyo inatumwa kwa tRFC, njia ya SAP ya kutuma yenye foleni, na kila safari ina TID yake, yaani namba ya utambulisho, kwa hiyo ikirudiwa upande wa pili unajua hii nilishaipokea. Umeme ukikatika au laini ikianguka mzigo unakaa pale unasubiri. Ila muelewe kitu kimoja, ulinzi huo unaishia PO. Kutoka PO kwenda EFRIS unatumia adapta ya REST, ya kutuma kwa njia ya wavuti, na huko TID haikusaidii chochote, lazima muweke hatua ya kuuliza kama namba hiyo ya invoisi imeshaingia kabla ya kutuma tena, la sivyo mtajikuta na invoisi mbili kwa mzigo mmoja, na kuifuta moja ni mambo ya kreditinoti na kusubiri idhini ya URA.

Sasa kuseti. Jamani, kinachotaka umakini hapa ni majina. Kwenye SM59 (misimbo kama hii ni ya kufungulia skrini za SAP) unatengeneza muunganisho wa aina T wenye program ID, jina la kujitambulisha, na program ID hiyohiyo inakaa upande wa Java wa PO kwenye NWA, skrini yake ya usimamizi, herufi kubwa na ndogo zinahesabika, halafu poti ya WE21 inataja huo muunganisho, patna profaili ya WE20, mipangilio ya nani anatumiwa nini, inataja hiyo poti, na jina la mfumo ulilosajili BD54 na kulifunga kwenye klaienti kwa SCC4 liwe ndilo lililoko SLD, daftari la PO la mifumo yote. Herufi moja ikitofautiana IDoc haifiki, na ujumbe wa kosa hautakwambia ni wapi. Hapa ndipo nusu ya ile nyota imeenda. Weka tiki ya Unicode pia, na hakikisha faili la reginfo linaruhusu hiyo program ID kujisajili kwenye gateway, lango la SAP la miunganisho hii.

Na fayawoli! Watu wa network wengi wanafungua poti 3200 kwa sababu ndiyo ya SAP GUI, mnaingia vizuri kabisa mnaona kila kitu kiko sawa, kumbe IDoc inapita gateway ambayo kwa instance 00 ni 3300. Wakumbusheni mapema kwa maandishi, hasa kama seva zenu ziko Nairobi na ninyi mko huku.

Nusu ya pili ya nyota imeenda kwenye statasi 03, namba ya hali ya IDoc. Ukifungua WE02, orodha ya IDoc, ukaona 03 ya kijani unafurahi unamwambia mhasibu imekwenda, lakini 03 inasema tu SAP imeikabidhi kwa tRFC, ni kama kifurushi ulichokiacha stendi ukapewa risiti, basi lenyewe bado halijaondoka. Ukweli uko SM58, skrini ya meseji za tRFC zilizokwama. Ukiikuta huko mstari wake unaonyesha muunganisho gani wa SM59, saa ngapi na sababu ya kukwama, na ndiyo skrini ya kwanza ninayofungua asubuhi. Kama unataka WE02 iseme ukweli, panga programu ya RBDMOIND iende kila baada ya muda, zile zilizotoka kwenye tRFC itazipandisha kuwa 12.

Kwa IDoc zinazorudi ndani ya SAP statasi ni rahisi zaidi, 53 imeingia, 51 imegoma kwenye aplikesheni, 64 inangoja. Kwa FDN chagua kwenye WE20 iingie papo hapo maana lori lipo getini, lakini bei na orodha za bidhaa ziacheni zisubiri programu ya RBDAPP01 iziingize usiku. Na mkiongeza segmenti, yaani kipande cha data, kwenye IDoc, futeni metadata ya zamani (maelezo ya umbo lake) kwenye PO, vinginevyo itaendelea kuisoma kwa umbo la jana.

Kuhusu kununua, kama hamna PO kabisa msianze nayo leo. Matengenezo ya kawaida yanaisha mwisho wa 2027, ya kulipia zaidi mwisho wa 2030, na SAP wenyewe wanaelekeza watu Integration Suite, ya kwao ya kwenye wingu. Mlio nayo msiogope, mkihamia huko WE20 na BD54 mtazikuta hukohuko kwenye SAP, kinachobadilika zaidi ni SM59 na WE21 kwa sababu IDoc inapita HTTP. Na kabla ya kumlipa fundi wa kuwasetia, mwambieni akate laini makusudi mbele yenu, atume invoisi kadhaa, airudishe. Zikifika zote na hakuna iliyofika mara mbili, mlipeni.