Mota ya mnyororo ya mlango wa gereji: nguvu ipo, vishikizo vya sensa ndivyo tatizo

Mota hii nimeitumia kwenye mlango wa vipande, ule unaopanda na kulala chini ya dari. Kwa nguvu na uimara wa mnyororo sina neno. Lawama nyingi inazotupiwa ni kwamba "haifungi mlango", na mara nyingi mota yenyewe haina kosa. Kasoro ya kijitabu chake ni kurundika sababu zote ukurasa mmoja, ilhali mlango wenyewe unakuonyesha pa kuanzia: angalia unakwama au kugeuka ukiwa wapi.

Ukigoma kushuka, au ukishuka kidogo kisha ukarudi juu huku taa ya mota ikiwakawaka, anza na sensa, vile vijicho vinavyozuia mlango usimfungie mtu. Zipo mbili, moja kila upande wa mlango, na zinatakiwa zisipite sentimita 15 kutoka sakafuni. Moja inatuma mwali usioonekana, nyingine inaupokea. Kwenye modeli hii inayotuma ina taa ya manjano, na inayopokea ina taa ya kijani. Ya manjano isikudanganye. Kuwaka kwake maana yake umeme umefika, basi; itawaka hata sensa ikiwa imetazama ukutani. Ya kutazamwa ni ya kijani. Ikizimika, mwali haufiki. Ikichezacheza mlango unapotikisika, kishikizo kimelegea.

Kuna jaribio la haraka: bonyeza kitufe cha ukutani na ukishikilie bila kuachia mpaka mlango uguse sakafu. Ukifunga hivyo ilhali kwa rimoti unakataa, tatizo liko kwenye sensa au waya zake. Fanya hivyo ukiwa unauona mlango wote, maana wakati huo sensa hazimlindi mtu.

Kurekebisha si kazi. Futa vioo vya sensa zote mbili kwa kitambaa laini kikavu, maana utando mmoja wa buibui unatosha kuleta usumbufu. Legeza ile nati yenye masikio kwa vidole, zungusha sensa polepole mpaka taa ya kijani itulie, kisha kaza. Hapa ndipo wengi wanapokosea: nati ikikazwa inaivuta sensa pembeni kidogo, na taa inazimika ukiwa tayari umeshanyanyuka. Kwa hiyo kaza kwa mkono mmoja, mwingine ushikilie sensa, macho kwenye taa. Ukitaka uhakika, funga uzi kutoka sensa hadi sensa uone kama zimetazamana sawasawa.

Na hapa ndipo ninapoikata nyota. Vishikizo vyenyewe ni vibati vyembamba. Ufagio ukivigonga tu, vimepinda. Ningeshauri vifungwe kwa skrubu ukutani tangu mwanzo, badala ya kupachikwa kwenye reli inayotikisika kila mlango ukipita.

Mlango ukigoma asubuhi tu au jioni tu, jua linapiga moja kwa moja kwenye sensa inayopokea. Badilisha nafasi zake, ile inayopokea iende upande wenye kivuli. Ikishindikana, ivishe kijibomba cha karatasi ngumu cha sentimita chache.

Taa zote mbili zikiwa zimezimika, shuku waya. Kinachoziua hasa ni ile pini ya kubania waya iliyopigwa kwa nguvu mpaka ikatoboa ganda, nyuzi mbili zikagusana. Kabla ya kununua sensa mpya, chomoa umeme, zifungue za zamani, ziunganishe kwenye mota kwa vipande vifupi vya waya, uzitazamishe, kisha rudisha umeme. Zikiwaka, sensa ni nzima; badilisha waya.

Kesi nyingine ni mlango kufika chini kabisa, kugusa sakafu, kisha kupanda tena. Hapo sensa hazihusiki. Kikomo cha kushuka kimewekwa chini mno, na mota inaichukulia sakafu kuwa ni kizuizi. Skrubu yake iko ubavuni mwa mota, mshale ukionyesha upande wa kuzungusha. Mzunguko mmoja mzima ni kama sentimita 5 za mwendo, kwa hiyo nenda kwa robo robo na ujaribu kila mara. Mlango ukiacha mwanya chini, zungusha upande wa pili. Usikimbilie kuongeza skrubu ya nguvu. Ile ndiyo inayoamua mlango utamkandamiza mtu kiasi gani kabla ya kurudi. Ukishamaliza, laza ubao wa unene wa sentimita 4 hivi sakafuni katikati ya mlango. Mlango ukiugusa lazima urudi juu. Usiporudi, usiutumie kwa mota mpaka urekebishwe.

Ukikwama njiani, mota ikiguna, ukiweza funga mlango kwanza, ndipo uvute kamba nyekundu, ile inayoutenganisha mlango na mota. Ukiivuta mlango ukiwa juu na springi zimechoka, unaweza kuporomoka. Unyanyue kwa mikono mpaka kiunoni, kisha upunguze mkono taratibu. Mlango ulio sawa unakaa hapo hapo. Ukizidi kushuka, springi hazibebi uzito, na hakuna marekebisho ya mota yatakayosaidia. Springi ya juu ya mlango usiiguse, wala kebo zake. Zimebeba mkazo wa kuvunja mkono, mwite fundi. Magurudumu yakikwaruza, futa reli kwa kitambaa na utie mafuta ya silikoni kwenye bawaba na beringi. Ndani ya reli usipake grisi, inakusanya vumbi tu.

La mwisho linalonikera ni kitufe kidogo cha kufuli kwenye paneli ya ukutani. Ukikibonyeza kwa bahati mbaya, rimoti zote zinakufa na kataa chekundu kanawakawaka, kadogo kiasi kwamba watu hubadilisha betri za rimoti mara mbili bila kukaona. Kuondoa kufuli hilo, kishikilie kitufe hicho hicho sekunde chache.

Natoa nyota nne.