Nta ya kopo au seramiki? Kinga ya rangi kwa Vitz, IST na Passo

Rangi ya kiwandani ya gari dogo la Kijapani, kuanzia praima, lile tabaka la kwanza juu ya bati, hadi juu, ina unene wa maikroni 100 hadi 130 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ndani ya hizo, kliya, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalobeba mng'ao na kupambana na jua, ni maikroni 35 hadi 50 tu. Gari likifika bandarini Dar es Salaam likiwa na umri wa miaka 12, sehemu ya kliya hiyo huenda ilishaliwa na mashine za polishi huko lilikotoka. Hicho kilichobaki ndicho unacholinda. Kliya ikishababuka juu ya paa, hakuna nta wala seramiki (kimiminika cha chupa kinachokaukia juu ya rangi kuwa tabaka gumu) ya kuirudisha. Hapo kazi ni ya fundi rangi.

Ndiyo maana kipimo kizuri cha kama kinga inalipa ni bei ya kupaka upya boneti na paa, maana hizo ndizo huungua kwanza. Ulizia gereji mbili za mtaani kwako. Kinga ya miaka mitatu ikiikaribia bei hiyo, iache. Ikiwa ni kipande kidogo tu cha bei hiyo, ifanye bila kusita. Kwa kipimo hiki, kopo la nta ya Soft99 Fusso Coat linafaulu kwenye gari la bei ndogo. Seramiki ya kupakwa karakana mara nyingi haifaulu.

Fusso ni nta ngumu ya kopo la gramu 200 kutoka Japani, na huja na sponji yake ndani. Kinachoidumisha ni kemikali za jamii ya florini zinazoshika kwenye rangi kuliko nta ya asili ya kanauba, ambayo kwa joto la pwani huisha mapema. Ipo ya magari ya rangi nyepesi na ya rangi iliyokolea, kwa hiyo soma kopo kabla ya kulipa. Vitz nzima inakula gramu 10 hadi 15 tu, maana yake kopo moja ni miaka mingi. Kopo linaahidi miezi 12. Kwa gari linalolala nje na kuoshwa kila wiki, usiusubiri mwaka: paka mara mbili, mara moja Juni baada ya masika na mara nyingine mwishoni mwa Novemba kabla ya jua la kaskazi. Maji yakianza kutandaa badala ya kujikusanya kuwa matone, imeisha.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja, kivulini, boneti ikiwa ya baridi. Osha kwa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji safi ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Sabuni ya unga ya kufulia iache kabisa, inang'oa nta. Kisha vaa mfuko laini wa nailoni mkononi na upitishe vidole juu ya boneti. Ukihisi vijipunje, hivyo ni vumbi la breki na uchafu ulionasa, na maji peke yake hayavitoi. Chukua nusu ya kipande cha udongo wa kusafishia rangi, lowesha bodi kwa maji ya shampuu, sugua taratibu bila kukandamiza, na ukunje udongo kila upande mmoja unapochafuka. Ukidondoka chini, utupe, kwa sababu mchanga uliobeba utachora rangi.

Kausha, kisha paka nta kipande kwa kipande, nusu ya boneti kwa wakati mmoja, nyembamba kiasi cha kuonekana kama ukungu tu. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanapaka nene, wanamaliza gari zima, ndipo wanarudi kufuta. Fusso ikikauka nene inagoma kutoka na inaacha mabaka. Ukungu ukitokea tu, futa kwa taulo la maikrofaiba, geuza upande, futa tena. Plastiki nyeusi za bampa na vioo zifunike kwa utepe wa karatasi, nta ikikaukia hapo huacha weupe mbaya.

Seramiki ni kitu halisi, si uongo. Chupa ya mililita 30 inatosha gari dogo, na ikipakwa vizuri inashinda nta kwa muda na kwa kustahimili sabuni kali. Lakini unene wake ni kama maikroni moja. Ile 9H inayotangazwa ni kipimo cha ugumu kwa kuchora na penseli, haina maana kwamba funguo au tawi la mbaazi halitachora. Changarawe za barabara ya vumbi zitadonoa boneti vilevile. Gharama kubwa iko kwenye maandalizi: rangi inapolishiwa kwanza, kwa sababu seramiki hufungia mikwaruzo chini yake. Kwenye unyevu wa Dar, Tanga au Unguja inakauka haraka mkononi mwa fundi na kuacha mabaka ambayo, yakishashika, hutoka kwa polishi tu. Baada ya hapo gari halitakiwi kuguswa na maji kwa saa 24, hata umande. Kwa asiye na banda, hilo peke yake ni kikwazo.

Filamu ya plastiki ya kufunika bodi, yenye unene wa maikroni 150 hadi 200, ndiyo pekee inayozuia changarawe kweli. Kwa Passo, bei yake hailipi. Vipande vidogo nyuma ya vishikio vya milango, kucha zinapochora, vinatosha.

Jambo linaloua kliya kuliko kukosa nta ni kampaundi, yaani polishi yenye chenga za kukata rangi. Sehemu nyingi za kuosha magari hukata rangi kwa mashine kila gari linapofifia, linang'aa wiki chache, na kila safari maikroni kadhaa zinaondoka. Kitambaa cha fundi kikianza kuchukua rangi ya gari lenye rangi ya metaliki, kliya imeisha mahali hapo, msimamishe. Toyota nyeupe yenye namba ya rangi 040 ni tofauti: kiwandani haikuwekewa kliya, kwa hiyo kitambaa kuwa cheupe ni kawaida. Namba hiyo utaisoma kwenye kibao cha chuma ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, pembeni ya herufi C/TR.

Kinyesi cha kunguru usikikwangue. Weka kitambaa chenye maji juu yake dakika tano, kisha kiinue. Nta inakupa muda wa kukiwahi, haikupi ruhusa ya kukiacha mpaka kesho juani. Madoa meupe ya maji ya kisima chenye chumvi yanatoka kwa siki na maji nusu kwa nusu, dakika moja, kivulini, kisha suuza kwa maji mengi.

Kama paa limeshababuka, usipake nta kabisa. Mafuta yake yanaingia chini ya kingo za kliya, na siku ya kupiga rangi, rangi mpya inakimbia na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Kama tayari umepaka, mwambie fundi aifute kwa kiondoa nta kabla ya kushika msasa, si baada. Na bampa lililotoka gereji likiwa limekaushwa kwa hewa liache siku 30 hadi 60, tina iliyobaki ndani itoke, ndipo ufungue kopo.